Maswali Yenu: Kupima Maji Kwenye Hewa Isiyo na Maji

Toleo lililopita tulieleza tundu la ozoni la Antaktika, tukataja kwa mstari mmoja tu kwamba mawingu yanayoliandaa hutengenezwa na mvuke wa maji ulio haba mno, tena kwenye giza la majira ya baridi. Mstari huo umetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tano kutoka Arusha na Moshi, na tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila moja.

Wataalamu, shikamooni. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Kila kituo kikubwa cha hali ya hewa hurusha puto lenye radiosondi, kifaa kidogo kinachopima hewa na kutuma taarifa kwa redio, na radiosondi ina kihisi cha unyevu. Kwa nini kihisi hichohicho kisitumike kule stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, kwenye ncha za dunia?
*Mwalimu, Moshi Mjini*

Marahaba, Mwalimu. Kihisi cha radiosondi ni kapasita ndogo yenye utando mwembamba wa plastiki unaofyonza mvuke na kuutoa. Huku chini, mvua inakotengenezwa, kinafanya kazi vizuri. Baridi ndiyo inayokishinda. Molekuli za maji huingia na kutoka kwenye utando taratibu zaidi kadiri joto linavyoshuka, na kwenye nyuzi −70 za Selsiasi kihisi kinakusimulia habari za hewa kilikopita zamani. Puto hupanda mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa dakika moja tu ni kukosea kimo kwa mita 300. Vya kisasa hupashwa joto kidogo ili visigande barafu na viitikie upesi, lakini kwa kiasi cha maji kilichoko juu kule bado havitoshi.

Na kiasi chenyewe ni hiki. Chukua asubuhi ya Arusha yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, shinikizo la hewa likiwa hektopaskali 860 hivi. Katika kila molekuli milioni moja za hewa, takriban 16,000 ni za maji. Panda sasa hadi hektopaskali 50 juu ya ncha ya dunia, yaani karibu kilomita 19 kwenda juu: utakuta 5, pengine 6. Ukikusanya maji yote yaliyo juu ya kimo hicho, juu ya meza yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, utapata gramu 1.6. Hiyo ni theluthi ya kijiko cha chai.

Wape wanafunzi hesabu hii. Sehemu 5 kwa milioni za hektopaskali 50 ni hektopaskali 0.00025, au paskali 0.025. Barafu hutoa shinikizo la mvuke la kiasi hicho ikiwa kwenye nyuzi −84.7. Kwa hiyo ukiweka kioo mahali hapo na kukipoza, sakitu, yaani utando mwembamba wa barafu, itaanza kushika kikifika −84.7, na ukijua joto hilo umejua kiasi cha maji. Ila kwenye baridi hiyo kila nyuzi moja ya kosa inageuka kosa la asilimia 17 katika jibu. Kipimajoto cha kioo kinapaswa kuwa sahihi hadi 0.1 ili kosa libaki chini ya asilimia 2. Wengi huishia hapo na kusahau shinikizo la hewa, ambalo nalo limo ndani ya hesabu: kosa la hektopaskali 1 ni asilimia 2 ukiwa kwenye 50, na ni asilimia 5 ukifika kwenye 20. Ndiyo maana ukikuta jedwali la vipimo vya juu sana, uliza kwanza shinikizo lilipimwa na nini.

Mimi ni fundi friji. Nimesoma kwamba kioo cha kupimia maji kwenye maputo hupozwa kwa gesi ya R23. Dukani nina R134a na R404A, R23 sijawahi kuishika. Kompresa wanaiweka wapi kwenye puto? Na kioo kinajuaje pa kusimama?
*Fundi, Ngarenaro, Arusha*

Fundi, kompresa haipo. Gesi inatumika mara moja na kwenda zake hewani. R23 ikiwa kimiminika inamiminwa kwenye chupa ndogo inayotunza baridi, ya aina ileile ya chupa ya chai, halafu inaachwa ichemke polepole njia nzima. Unazijua namba: kwa shinikizo la pwani R134a huchemka kwenye −26, R22 kwenye −41, R404A karibu −46. R23 huchemka kwenye −82. Na puto linapopanda, shinikizo likishuka, inachemka kwenye baridi kali zaidi. Ni jambo lilelile wapagazi wanalolijua pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro: maji yanatokota ilhali maharage hayaivi, kwa sababu yanachemkia kwenye nyuzi 85 hivi.

Tahadhari moja kwa mtu wa kazi yako. Mtungi wa R23 kwenye chumba cha nyuzi 20 una shinikizo la zaidi ya ba 40. Geji na mipira ya R134a isiuguse. Hutolewa ikiwa kimiminika, mtungi ukiwa umepinduliwa, kwa bomba la chuma, glavu nene na miwani, mahali penye hewa ya kutosha. Sehemu ya kwanza inayomiminwa huishia kuipoza chupa yenyewe, kwa hiyo asiyejua hudhani amejaza, kumbe robo saa baadaye chupa ni tupu.

Sasa kioo. Ni kidogo, kina thamista (kipimajoto kidogo cha umeme) ndani yake na waya wa kupashia joto umezungushwa shingoni. Shingo hiyo ya chuma imezama kwenye R23 na inavuta joto muda wote, bila kupumzika. Taa ya LED inamulika uso wa kioo, na kihisi mwanga kinapokea kinachorudi. Sakitu ikishika, mwanga unaorudi unapungua. Kidhibiti kinaongeza umeme kwenye waya. Sakitu ikipungua, kinapunguza umeme na baridi inarudi yenyewe. Wewe umezoea thamostati, ambayo kazi yake ni kushika joto. Hapa kinachoshikwa ni unene wa sakitu, na joto linaachwa liende linakotaka. Unene ukitulia, usiongezeke wala usipungue, basi mvuke unaoingia kwenye barafu ni sawa na unaotoka, na joto la kioo wakati huo ndilo tunalolitafuta.

Kinachoharibika mara nyingi ni utulivu huo. Kidhibiti kikiwa na pupa, kioo kinayumba: kinapasha kupita kiasi, sakitu inaisha, kinapoza kupita kiasi, inarudi nene. Kikiwa kizito, kinachelewa puto likivuka tabaka jembamba. Na mpangilio unaofaa huku chini, penye maji tele na sakitu inayoota kwa sekunde, haufai kilomita 20, ambako kuotesha sakitu kunachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo nguvu ya kidhibiti hubadilishwa njiani kadiri baridi inavyozidi.

Kuna kosa jingine lisilopiga kelele. Kati ya nyuzi 0 na −30 na ushee, kilichoko kwenye kioo kinaweza kuwa maji yaliyokataa kuganda, na kioo hakikwambii. Ukitumia kanuni ya barafu juu ya maji kwenye −20, umekosea takriban nyuzi 2. Dawa yake ni kukichoma kioo makusudi hadi kikauke, kisha kukipoza kwa nguvu ili kinachorudi kiwe barafu tu. Kifaa kiitwacho CFH, kinachotumika sana kwenye maputo, hufanya hivyo karibu na −15, na tena karibu na −53 ili kiingie stratosfia kikiwa na sakitu mpya, laini, ya chembe zilizolingana. Ukiona kwenye rekodi joto la kioo limeruka juu ghafla mara mbili, usilifute ukidhani ni hitilafu.

Na kama ulitaka kujua iwapo R134a ingefaa: haiwezi, utaikosa baridi kwa makumi ya nyuzi. Lakini hata R23 siku zake zinahesabika. Tani moja yake inapasha dunia kama tani 14,800 za kaboni dayoksaidi, na imo kwenye orodha ya marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesi za aina hii. Kwa hiyo wanahamia kwenye barafu kavu iliyochanganywa na spiriti, au nitrojeni ya kimiminika, au vibao vya umeme vya Peltier, vinavyopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili, visivyohitaji gesi kabisa. Kwa maoni yetu Peltier ndiyo inayovutia zaidi kwa mtu wa mbali na viwanda vya gesi. Upande wake wa moto tu ndio mtihani, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na haibebi joto.

Wataalamu, shikamooni. Niko kidato cha sita. Naomba kujua puto hurushwaje kwenye giza na baridi ya ncha, na ni nini huharibu kipimo.
*Mwanafunzi, Usa River*

Marahaba, mwanetu. Jibu la nusu ya pili tulitoe kwanza: maji uliyopanda nayo mwenyewe.

Fikiria msafara wote unatoka penye maelfu ya sehemu kwa milioni kwenda penye tano. Mpira wa puto umenyonya mvuke. Kamba imenyonya. Boksi la foamu limenyonya. Vikifika juu vinaanza kuutoa kidogo kidogo, na puto linapopanda linaacha nyuma yake mkia wa hewa iliyopata maji. Kifaa kinaning'inia katikati ya mkia huo. Ndiyo sababu kamba kati ya puto na kifaa hufanywa ndefu, mita 50 na zaidi, ikifunguka yenyewe kutoka kwenye kigurudumu baada ya kurusha. Urefu huo unapunguza shida bila kuimaliza.

Wingu ndilo baya kuliko yote. Puto likipita kwenye wingu lenye matone yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, matone hayo yanagandia mdomoni mwa bomba la kuingizia hewa. Barafu hiyo itakaa pale, na ukifika juu itaanza kugeuka mvuke moja kwa moja mbele ya kioo chako. Dalili yake ni hii: wakati wa kupanda, kipimo kinatoka 5 kinakwenda 7, 9, 12 kadiri kimo kinavyoongezeka, kisha wakati wa kushuka, mahali palepale, kinasoma 5. Ukiona mistari miwili inaachana hivyo, mwamini aliyeshuka. Akishuka, kifaa ndicho kinachotangulia kwenye hewa safi na puto linafuata nyuma.

Lakini puto likipasuka, mzigo unaanguka haraka mno kwenye hewa ile nyepesi, hata ukiwa na parachuti, na kioo hakiwezi kuufuata mwendo huo. Kwa hiyo wenye subira hufunga vali kwenye shingo ya puto: likifika kimo kilichopangwa, vali inafunguka, gesi inatoka, na puto linashuka kwa mwendo uleule liliopandia. Kwa mita 5 kwa sekunde, kilomita 30 ni dakika 100 kwenda, na karibu hizohizo kurudi. Betri zipangwe kwa muda wote huo. Hukaa katikati ya boksi pamoja na saketi zinazotoa joto, wala haziwekwi ukutani.

Kuhusu baridi: mpira wa puto bila jua hukakamaa na kupasuka mapema, pengine kabla ya kilomita unazozitaka. Vituo vingine huuchovya kwenye mafuta ya taa au mafuta mengine mepesi ili ubaki laini. Vingine, kama kule Ncha ya Kusini, hubadilisha kabisa na kutumia puto la plastiki nyembamba majira ya baridi. Plastiki haitanuki kama mpira, kwa hiyo linaachwa ardhini likiwa limelegea, gesi kidogo kwenye kichwa tu, lijae lenyewe huko juu.

Kabla ya kurusha, kioo hufutwa kwa spiriti safi na pamba isiyoacha nyuzi. Alama moja ya kidole ina chumvi na mafuta: chumvi inavuta maji kabla ya wakati, na sakitu inaota juu ya alama ikiacha sehemu nyingine wazi. Mabomba ya kuingizia hewa ni ya chuma kisichoshika kutu, yamesuguliwa, na hufunikwa hadi dakika ya mwisho. Kisha unatazama mbingu. Kukiwa na wingu zito la chini, unarudi ndani unasubiri. Hili ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa gesi imeshamiminwa na inachemka.

Giza lenyewe lina faida, na hapa kuna kifaa cha pili. Warusi wana FLASH-B, kinachomulika hewa ya nje kwa mwanga wa urujuanimno uitwao Lyman-alfa, nanomita 121.6. Mwanga huo unaivunja molekuli ya maji, na kipande cha OH kinachobaki kinang'aa kwenye nanomita 310 hivi. Kifaa kinahesabu mng'ao huo. Mchana jua lingeufuta kabisa, hivyo ni kifaa cha usiku, na ncha ya kaskazini ya dunia mwezi wa Januari ina usiku wa kutosha. Kinaitikia upesi kuliko kioo na hakijali sana mwendo wa kuanguka. Lakini hakijui kiasi halisi mpaka kilinganishwe maabara na kifaa cha kioo, na huku chini hakifai, maana hewa nzito inaumeza mwanga huo kabla haujafika mbali.

Mimi ni mwongoza watalii mlimani. Kule Kibo barafu inapotea bila kuyeyuka, inageuka mvuke. Je, kwenye stratosfia mvuke hauwezi kugeuka barafu ukaanguka? Na sisi wa ikweta hewa hiyo inatuhusu vipi?
*Mwongoza watalii, Marangu*

Unaanguka, ndugu, na kupima hilo ndiyo sababu kubwa ya maputo haya kurushwa majira ya baridi. Rudi kwenye hektopaskali 50. Hewa ikipoa hadi −88, inaweza kubeba sehemu 2.8 tu kwa milioni. Iliyokuwa na 5 lazima iachie 2.2 ziwe barafu. Chembe yenye nusu kipenyo cha maikromita 10 hushuka zaidi ya kilomita moja kwa siku. Baridi hiyo ikidumu siku kadhaa, maji yanahama tabaka: juu panakauka, chini panapata ziada chembe zinapogeuka mvuke tena kwenye hewa yenye joto kidogo. Antaktika hilo hutokea kila majira ya baridi, kuanzia Juni hivi. Aktiki ni nadra. Lilionekana vizuri Januari 2010 juu ya Sodankylä, kaskazini mwa Finland, ambako maputo yalikuta tabaka lililopoteza maji na chini yake lililoyapokea.

Hapa mpimaji anaweza kudanganyika. Ndani ya wingu kama hilo, bomba lililopashwa joto linayeyusha barafu na kuhesabu maji yote pamoja, wakati kifaa kinachotazama hewa ya nje kinahesabu mvuke tu. Vyote viwili viko sahihi, na tofauti yao ndiyo barafu. Asiyeandika kifaa chake ni cha aina gani amewaachia wenzake fumbo.

Nyinyi wa ikweta hewa hiyo ni yenu. Inaingilia huku: inapanda polepole hadi kilomita 17 hivi, karibu mara tatu ya kimo cha Kibo, inapita kwenye baridi ya −83 au zaidi, na kwenye shinikizo la hektopaskali 100 baridi hiyo inaruhusu sehemu 3.3 tu zipite. Nyingine zote zinaganda njiani. Mwingereza Alan Brewer ndiye aliyelitambua. Alikuta kwa kifaa cha sakitu kilichobebwa na ndege kwamba stratosfia ya Uingereza ni kavu mno, na mwaka 1949 akaandika kwamba ukavu huo hauwezi kutoka popote ila kwenye mlango huu wa tropiki.

Zinatoka 3 na ushee huku, zinafikaje 5 au 6 kule? Methane. Ikioksidishwa njiani, kila molekuli moja inaacha takriban mbili za maji. Safari ni ya miaka kadhaa. Ukichukua methane mara mbili ukajumlisha maji, unapata namba isiyobadilika sana, 7 na kitu. Hiki ni kipimo kizuri cha kukagua kazi yako: methane ikiwa sehemu 0.6 kwa milioni, tegemea maji karibu 6. Ukisoma 3.5, maji yameanguka kweli. Ukisoma 9, rudi ukakague bomba.

Kwa nini wasitumie setilaiti tu, waache kuhangaika na kamba na barafu?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Wanatumia. Ila setilaiti nyingi hupima kwa kulitazama jua likichomoza na kuzama nyuma ya hewa, na kwenye usiku wa ncha jua halipo. Zinazofaa ni zile zinazosikiliza hewa yenyewe. Aura, iliyorushwa Julai 2004, ina kifaa kiitwacho MLS kilichoundwa kupokea mawimbi ya redio ya molekuli za maji karibu na gigahezi 183, usiku na mchana. Ndicho kilichohesabu maji ambayo volkano ya Hunga Tonga iliyarusha juu tarehe 15 Januari 2022: karibu tani milioni 150, sawa na sehemu ya kumi ya maji yote ya stratosfia. Mwaka uliofuata sehemu ya maji hayo ilikuwa imeingia kwenye mzunguko wa upepo wa Antaktika.

Udhaifu wake ni unene. MLS inaona tabaka la kilomita 3 kama kitu kimoja. Tabaka lililokauka lenye unene wa mita 500, lenye jirani yake aliyelowa chini yake, huchanganywa yote na kusomwa kama hewa ya kawaida. Puto linayaona yote mawili, moja baada ya jingine, ndani ya dakika tatu.